Gunia la chumvi la Katwe lina deni mlimani

Mfanyabiashara anayepakia chumvi Katwe kuipeleka Kasindi, Beni au Butembo anajua hesabu yake kwa kichwa. Kuna bei ya gunia, vibarua wa kupakia, nauli ya gari, ushuru wa mji, karatasi za forodha Mpondwe, na kile kinachotolewa njiani bila risiti. Akimaliza kujumlisha anaijua faida yake hata kabla ya kuvuka daraja. Katika hesabu hiyo yote hamna hata shilingi moja ya mwanamke wa milimani, juu ya Bwera, juu ya Kyarumba au juu ya Kilembe, aliyepanda mti kwenye mteremko na kuutunza mpaka ukashika. Kazi yake haina bei, na kitu kisicho na bei sokoni huchukuliwa kana kwamba hakina gharama.

Gharama ipo, na wafanyabiashara wanailipa. Tatizo ni kwamba wanailipa kwa mkupuo, tena wakati mbaya.

Wanaofanya safari za Kasese wanaukumbuka Mei 2013, mto Nyamwamba uliposhuka na mawe makubwa kama nyumba, ukapiga Kilembe na kuingia hadi mjini. Wanaukumbuka pia Mei 2020, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha zilipofurika kwa pamoja, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa kiasi cha kulazimika kuhamishia huduma zake kwingine. Septemba 2022 mlima uliporomoka Rukoki na kuua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto. Kila mara habari za redio zilihusu waliokufa na waliopoteza nyumba, na ndivyo inavyopasa. Lakini nyuma ya habari hizo kulikuwa na magari yaliyokwama, nyanya zilizooza kwenye matenga, na mikopo ambayo tarehe yake ya kulipwa haikusogezwa kwa sababu ya mvua.

Watu wengi huona mambo haya kuwa ni ya Mungu na mvua tu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini wachunguzi waliofuatilia mafuriko ya 2013 walitaja jambo jingine pamoja na wingi wa mvua na maporomoko: mwaka mmoja kabla, Februari 2012, moto ulikuwa umeteketeza uoto wa juu katika bonde la Nyamwamba. Mvua ilipokuja, ilikuta mlima umevuliwa nguo. Maji ambayo yangepita polepole kwenye mizizi, majani makavu na kuvu yakateremka yote kwa saa chache, yakabeba udongo, udongo ukabeba mawe.

Katwe yenyewe ina shida ya aina yake, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu si sawa na ya Kilembe. Ziwa la chumvi limo ndani ya shimo la volkano. Halipokei mto wowote wa Rwenzori wala halina pa kutokea. Chemchemi za chumvi huliingia, jua hukausha, chumvi hubaki. Ndiyo maana vidimbwi vinavyogawanywa kwa kuta za udongo na vijiti huvunwa vizuri miezi ya kiangazi, na mvua zikizidi maji matamu huizimua chumvi na kazi ikasimama. Wanaume huvunja mawe ya chumvi katikati ya ziwa, na wanaokwangua chumvi ya vidimbwini wengi wao ni wanawake, miguu ikiwa ndani ya maji yanayochoma ngozi. Kinachowalinda ni kingo za lile shimo. Nyasi na vichaka vya kingo zikibaki, mvua inaingia ziwani ikiwa maji tu. Zikikatwa kuni au kuchomwa, mvua inaingia ikiwa tope. Hakuna mnunuzi wa Butembo anayetaka chumvi yenye rangi ya udongo, na akiikubali ataikubali kwa bei ya kulia.

Thamani ya ziwa hili haikugunduliwa jana. Lilipiganiwa na wafalme wa Bunyoro na wa Toro. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza alijenga ngome papo hapo Katwe ili kuishika biashara ya chumvi. Miaka ya 1970 serikali ilileta Wajerumani kujenga kiwanda kikubwa, na chumvi ikala mabomba yake; mabaki bado yanasimama pale kama somo la bure. Wafalme wamepita, ngome imepita, kiwanda kimekufa. Mama mwenye koleo na beseni bado yuko kwenye kidimbwi.

Sasa, ni nani anayelinda miteremko na vichaka? Serikali zina hifadhi zake. Milima ya Rwenzori ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Mji wa Katwe wenyewe umezungukwa na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Lakini kati ya mpaka wa hifadhi huko juu na barabara ya lami huku chini kuna eneo kubwa la mashamba ya watu, kahawa, mihogo, maharage, kwenye miteremko mikali ambayo mgeni angeogopa hata kuitembea. Hapo hakuna askari wa wanyamapori. Hapo uamuzi wa mti kubaki au kukatwa hufanywa jikoni. Anayetafuta kuni ni mwanamke. Anayechota maji ni mwanamke au binti yake, na ndiye wa kwanza kujua chemchemi imepungua, kwa sababu dumu linachelewa kujaa. Anayelima pia mara nyingi ni yeye. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya mlima, maswali ya kuuliza ofisini ni machache kuliko ya kumuuliza yeye.

Wanawake wa namna hii walishawahi kubadili mambo makubwa mahali pengine. Julai 1970 mto Alaknanda katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, ulifurika na kubomoa madaraja na vijiji. Wanavijiji wa huko wakaanza kuunganisha mafuriko na ukataji wa magogo uliokuwa ukifanywa na wakandarasi wa mbali. Tarehe 26 Machi 1974, wakandarasi walipofika kijiji cha Reni wanaume wakiwa wameitwa mjini kufuatilia fidia, mjane mmoja ambaye hakusoma shule, Gaura Devi, aliwakusanya wanawake na wasichana wasiofika 30 wakaingia msituni na kusimama kati ya misumeno na miti. Walitukanwa, wakatishiwa kwa bunduki, wakakesha. Wakandarasi wakaondoka. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza, na baadaye ukataji wa biashara katika sehemu hiyo ya bonde ulisimamishwa kwa miaka 10.

Hadithi hiyo husimuliwa sana, na mara nyingi huishia hapo, kwenye ushujaa. Wafanyabiashara wanapaswa kuutazama ushujaa kwa jicho la mahesabu. Gaura Devi aliokoa msitu, lakini hakuna mtu aliyemlipa kwa siku aliyoacha kulima. Na msitu si kinga ya kila kitu: Februari 2021 mwamba na barafu vilianguka kutoka juu kabisa, mafuriko yakapita Reni hiyohiyo, na miti haikuweza kuyazuia. Anayewaahidi watu wa Kasese kwamba wakipanda miti hawataona mafuriko tena anawadanganya. Ahadi ya kweli ni ndogo zaidi: mvua ya kawaida itaacha kuwa janga, chemchemi itadumu hadi mwisho wa kiangazi, na tope litapungua barabarani.

Aliyelipatia jambo hili utaratibu wa kulipana ni mtu wa Afrika Mashariki, Wangari Maathai wa Nyeri, Kenya. Watu humkumbuka kwa Nobeli ya mwaka 2004 na kwa kupambana na wakubwa wa Nairobi kuhusu Uhuru Park na msitu wa Karura. Kilicho na faida zaidi kwa Mpondwe ni kile kisichopigiwa makofi sana, yaani namna alivyoendesha Green Belt tangu mwaka 1977. Wanawake wa vijijini walimweleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yamepungua, chakula hakitoshi. Hakuwapa semina. Aliwafundisha kuotesha miche kwa mbegu za miti ya kwao, kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, na vikundi vikalipwa senti chache kwa kila mche. Senti hizo hazikulipwa kwa kupanda. Zililipwa mche ulipoonekana kuwa hai baada ya kupandwa.

Kipengele hicho kimoja ndicho kila kitu. Afrika Mashariki yote imejaa sherehe za kupanda miti: mheshimiwa anashika jembe, picha inapigwa, na mwezi unaofuata mbuzi wanamaliza kazi. Wangari aliweka malipo mwisho wa kazi, si mwanzo. Wataalamu wa misitu walicheka kwanza, wakisema kazi hiyo inataka wenye vyeti. Kufikia mwaka alipopewa Nobeli wanawake hao wasio na vyeti walikuwa wamepanda miti takriban milioni 30.

Utaratibu huo unaweza kuletwa Mpondwe, na wenye uwezo wa kuuleta ni vyama vya wafanyabiashara wenyewe, wa upande huu na wa Kasindi. Mathalani kila gunia la chumvi, kahawa au maharage linalovuka likitoa shilingi 200, lori la magunia 100 linatoa shilingi 20,000. Kwa malipo ya shilingi 500 kwa kila mche ulioshika baada ya kiangazi kimoja, lori hilo moja limelipia miche 40. Hakuna mfanyabiashara atakayefilisika kwa shilingi 200 za gunia. Wengi hutoa zaidi ya hapo kwa mtu asiyeotesha hata bamia.

Pingamizi linajulikana kabla halijasemwa. Wafanyabiashara wamechoka na tozo. Kuna ada ya hiki na ada ya kile, kuna vizuizi barabarani, na pesa zikishaingia ofisini hakuna anayejua zimetokea wapi upande wa pili. Pingamizi hilo ni la haki kabisa, na ndiyo sababu fedha hizi hazifai kuwa tozo ya serikali wala kupita mikononi mwa halmashauri. Zinafaa kukaa katika chama cha akiba na mikopo ambacho wafanyabiashara wenyewe wanakiongoza, na kutoka tu kwa karatasi ya hesabu: kikundi fulani cha akina mama, mteremko fulani, miche mingapi hai. Anayehesabu awe mtu wa chama pamoja na kiongozi wa kilima. Wakonzo wana utaratibu wao wa zamani wa viongozi wa vilima, kila mgongo wa mlima na mkuu wake, na watu hao wanajua kila mfereji na kila mpaka wa shamba. Mche ukifa, hakuna malipo. Hapo hamna pa kuiba pengi.

Ugumu mkubwa hauko kwenye pesa. Uko kwenye ardhi. Katika vijiji vingi vya milimani ardhi hurithiwa na wanaume, na mti wa kudumu ni alama ya umiliki. Mwanamke akipanda safu ya miti bila mume kukubali, anaweza kuambiwa anajipimia shamba. Akifiwa na mume, shemeji anaweza kuikata miti kabla ya matanga kwisha. Kumwambia mama apande miti mahali ambapo hana neno juu ya ardhi ni kumtuma kazi ya mtu mwingine.

Hata hapo Kasese hawaanzi sifuri. Ushirika wa Bukonzo Joint, unaonunua kahawa Kyarumba na maeneo jirani, ulianza miaka mingi iliyopita kuwakalisha mume na mke chini na kuwafanya wachore, kwa picha kwa sababu wengi hawakusoma, nani anafanya kazi gani nyumbani na nani anashika pesa. Michoro ilionyesha kilichojulikana na kila mtu bila kusemwa: mke analima kahawa, mume anaiuza. Ilionyesha pia kwa nini kahawa ilikuwa mbovu, kwani kila mmoja aliwahi kuchuma ikiwa mbichi kabla mwenzake hajaiuza. Baadhi ya familia zikaandika makubaliano ya kumiliki ardhi pamoja, kahawa ikaanza kuiva shambani, na bei ikapanda. Hakuna aliyelazimishwa kwa sheria. Wanaume walikubali walipoona kilo. Mfanyabiashara wa kahawa wa Bwera anaielewa lugha hiyo kuliko hotuba yoyote ya haki za wanawake, na miti ya kivuli juu ya kahawa ndiyo hiyohiyo inayoshika udongo.

Kundi moja la wafanyabiashara linaweza kuwa limekunja uso hadi hapa: wauza mbao na mkaa, au makala kama wanavyouita ng'ambo. Hakuna haja ya kuwaita maadui, maana kila jiko la Kasese na Kampala linawategemea. Lakini lazima yasemwe mambo yaliyotokea. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, ikauondoa usitisho huo mwaka 2023. Majengo ya Nairobi hayakusimama kwa muda huo wote. Mbao zilitafutwa nje, na sehemu ya mbao za mashariki mwa Kongo kwa miaka mingi imepita hapa hapa Kasindi na Mpondwe. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Jiko la Kampala halikuzimwa nalo. Nchi moja ikifunga msumeno, msumeno unapanda lori kwenda kwa jirani. Marufuku ya upande mmoja katika soko lililounganishwa ni kama kuziba tundu moja la chujio. Kwa hiyo gunia la mkaa na ubao wa mninga vingefaa kutoa zaidi ya gunia la chumvi, na mwenye kitalu cha miti ya haraka ya kuni, kando ya nyumba yake, angefaa kuwa mteja wa kwanza wa pesa hizo, maana ndiye atakayemuuzia muuza mkaa wa kesho.

Mto Lhubiriha wenyewe ndio hoja ya mwisho. Unashuka kutoka Rwenzori, unatenganisha Mpondwe na Kasindi, unaelekea ziwa Edward. Ukingo mmoja ni Uganda, mwingine ni Kongo. Bwera wakipanda miti na ng'ambo wakikata, mto utakula ukingo wa ng'ambo, utajaza tope katikati, kisha utahamia upande wa Bwera. Mto hauna pasipoti. Kongo ilisaini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na kwa kusaini ikaupokea mkataba wa 1999 ambao vifungu vyake vya 111 hadi 114 vinazitaka nchi wanachama zishirikiane kutunza mazingira na maliasili. Vifungu hivyo havijawahi kuotesha mche. Kinachoweza kuotesha ni kwamba mama wa Bwera na mama wa Kasindi, mmoja akiitwa Mkonzo na mwingine Mnande, wanaongea lugha inayokaribia kuwa moja, wanaoleana, na siku za soko wanakaa meza moja. Kikundi cha akiba chenye wanachama wa kingo zote mbili hakihitaji kusubiri kikao cha mawaziri Arusha.

Kama vyama vya Mpondwe na Kasindi vinataka kujaribu, kalenda ndiyo inayoamua. Mche wa kupandwa mvua za Machi unapaswa kuwa kitaluni miezi kadhaa kabla, yaani mbegu zikusanywe na akina mama waanze kujaza udongo wakati mvua za Septemba hadi Novemba bado zinanyesha. Malipo ya kwanza hayatadaiwa mpaka kiangazi cha katikati ya mwaka kipite na miche ihesabiwe. Huo ni muda wa kutosha kwa wafanyabiashara kukaa, kugombana kuhusu nani awe mweka hazina, na kuanza kuchanga hizo shilingi 200.